Indeksi ya h 6 kwa mwanasaikolojia, 19 kwa daktari: zinalinganishwaje wakati wa kupandishwa cheo?

Mhadhiri wa Iyumbu aliuliza:

Ndugu wanataaluma, habari za jioni.

Mimi ni mhadhiri wa saikolojia katika chuo kimoja hapa Dodoma. Kwa mpangilio wa chuo chetu, idara yetu iko chini ya shule moja na madaktari, wauguzi na wataalamu wa afya ya jamii, kwa hiyo maombi yetu ya kupandishwa cheo hupita mbele ya kamati moja na kusomwa kwa fomu moja. Mwaka huu nimeomba kuwa mhadhiri mwandamizi. Faili langu limerudishwa likiwa na maelezo ya mstari mmoja, kwa wino mwekundu, pembeni mwa jedwali la machapisho: “h = 6. Linganisha na mwombaji wa tatu, h = 19.” Mwombaji wa tatu ni daktari wa magonjwa ya kuambukiza. Tuliajiriwa mwaka mmoja, milango ya ofisi zetu inatazamana na chai ya saa nne tunakunywa pamoja, kwa hiyo naomba mnielewe kwamba sina neno naye.

Indeksi ya h ni idadi kubwa kabisa ya makala za mtu ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara sawa na idadi hiyo. Namba yangu imetoka Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta maandiko ya kitaaluma. Huko zinaonekana makala zangu 11, ambazo kuanzia iliyonukuliwa zaidi zimenukuliwa mara 41, 19, 12, 9, 7, 6, 6, 3, 2 na 1, na ya mwisho haijanukuliwa na mtu. Nilipoangalia Scopus, kanzidata nyingine ya machapisho na nukuu, nikakuta makala 7 tu, na indeksi ya h ya 4. Fomu haisemi namba itoke wapi. Mwenzangu naye amejaza ya Google Scholar.

Makala ile ya nukuu 41 ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote. Tulikuwa tunajaribu dodoso la sonona kwa akina mama waliotoka kujifungua, katika kliniki za Chamwino na Bahi, na swali mojawapo liliuliza kama mama amekuwa akijisikia mnyonge katika wiki mbili zilizopita. Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha mtoto wa wiki tano alinijibu kwa upole kabisa, “Dada, sisi huku wote ni wanyonge.” Alikuwa anazungumzia mavuno ya mwaka ule, wala hakuwa anazungumzia moyo wake. Ilitulazimu kurudi nyuma, kukaa na wazee na wauguzi wanaozungumza Kigogo, kubadilisha maneno na kuanza upya. Neno hilo moja lilitugharimu miezi minne, na kwenye makala limechukua aya moja.

Nina wiki tatu za kurudisha faili likiwa na maelezo ya ziada. Ningependa kujua namba ya kanzidata ipi ndiyo inayostahili kuandikwa, kama ipo njia inayokubalika ya kumlinganisha mtu wa saikolojia na mtu wa tiba, na namna ya kuyaeleza haya bila kuonekana ninalia wivu.

Mkutubi wa Makulu alijibu:

Dada, pole na wino mwekundu. Mimi ni mkutubi, na kila msimu wa maombi ya vyeo ukifika, meza yangu hujaa maswali ya namna hii.

Kwanza tuihesabu namba hiyo kwa mkono, kwa sababu wengi wanaoitumia hawajawahi kuihesabu. Makala zako umekwisha kuzipanga. Tunashuka nazo moja moja tukiuliza kama idadi ya nukuu bado inafikia nafasi ya makala katika foleni. Ya tano ina nukuu 7, imepita. Ya sita ina 6, imepita kwa kuponea. Ya saba nayo ina 6, na hapo ilihitaji 7, basi tunasimama: h yako ni 6. Sasa itazame ile ya 41. Katika hesabu hii imetoa mchango uleule ambao ingetoa kama ingenukuliwa mara 6, yaani nukuu zake 35 zimelala tu ghalani. Ndiyo maana mwaka 2006 Leo Egghe alipendekeza indeksi ya g, ambayo hujumlisha nukuu kutoka juu na kuuliza ni makala ngapi za kwanza ambazo jumla ya nukuu zake inafikia mraba wa idadi yake. Makala zako 10 za kwanza zina nukuu 106, na mraba wa 10 ni 100, kwa hiyo g yako ni 10. Sisemi ukaijaze hiyo, maana wanakamati wengi hawaijui. Nakuonyesha tu kwamba kazi ileile, ikipimwa kwa kijiko kingine, hutoa ujazo mwingine.

Aliyeileta indeksi ya h ni Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005. Alikuwa akiwafikiria wanafizikia wenzake, na katika makala yake hiyohiyo alionyesha kwamba namba hizi hazivuki mipaka ya fani. Mwanafizikia aliyeongoza katika orodha yake, Edward Witten, alikuwa na h ya 110, ilhali aliyeongoza katika sayansi za uhai, Solomon Snyder, mtafiti wa ubongo, alikuwa na 191. Sijawahi kusikia mtu akidai kwamba Witten ni mvivu. Watu wa sayansi za uhai ni wengi zaidi, wanaandika makala nyingi zaidi, na orodha zao za marejeleo ni ndefu, kwa hiyo nukuu zinazozunguka sokoni mwao ni nyingi zaidi kabla hata ya kuuliza nani kafanya kazi nzuri. Kwa hiyo kamati ikiambiwa haya isidhani ni hoja ya walioshindwa. Yamo ndani ya andiko lililoizaa namba yenyewe.

Kuhusu kanzidata, Scopus ni ya kampuni ya Elsevier, nayo huchagua majarida ya kuingiza. Google Scholar hutambaa kwenye mtandao na kuokota karibu kila chenye sura ya andiko la kitaaluma: tasnifu, ripoti, sura za vitabu, rasimu. Zote mbili zilianza mwaka 2004. Kwa mtu wa saikolojia tofauti huwa kubwa, maana fani yenu bado inaandika vitabu na sura za vitabu, na majarida mengi ya Afrika yanayopatikana kwenye African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, hayamo Scopus. Kwa upande mwingine, upana wa Google Scholar ni udhaifu wake pia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Granada, Hispania, waliwahi kuweka mtandaoni maandiko ya uongo yenye jina la mtu asiyekuwepo, na nukuu za watu halisi zikapanda. Ushauri wangu ni kuandika zote mbili, kila moja na jina la kanzidata na tarehe uliyoitazama. Namba ya nukuu isiyo na tarehe ni kama bei ya mahindi isiyo na mwezi.

Kabla ya hayo yote, fungua wasifu wako na uusafishe. Je, umewahi kuchapisha kwa jina la kabla ya ndoa? Majina yetu yanaandikwa kwa kila namna, mara mawili, mara matatu, mara la ukoo mbele, na Google Scholar hukisia. Wiki iliyopita nilimsaidia muuguzi ambaye wasifu wake ulikuwa na makala ya kideri cha kuku. Fungua ORCID pia kama huna. Ni namba ya tarakimu 16, ni bure, nayo humfuata mtu hata akibadilisha jina.

Daktari wa Zamu alijibu:

Naomba niseme kutoka upande wa pili wa korido, maana mimi ni daktari na h yangu ni 23.

Ninapoitazama orodha yangu kwa unyofu, naona makala zangu zimegawanyika makundi mawili. Zipo ambazo wazo lilikuwa langu, nikakesha na takwimu, nikajibu wahakiki raundi tatu. Na zipo tafiti za nchi nyingi ambazo kituo chetu kilikuwa kimojawapo. Moja ya hizo ina waandishi zaidi ya 90. Mchango wangu ulikuwa kuandikisha wagonjwa, kusimamia ubora wa takwimu za kituo chetu na kusoma rasimu mara mbili, na makala hiyo imenukuliwa kuliko kazi nyingine zangu zote zikijumlishwa. Kila mmoja wa waandishi 90 anabeba nukuu zote, hakuna kugawana. Katika saikolojia, mhadhiri aliyeandika na wenzake wawili hana mlango wa namna hiyo.

Lakini nisingependa mtu asome maneno haya akadhani tafiti kubwa za tiba ni njia ya mkato. Kuandikisha mgonjwa saa nane usiku, kumsomea fomu ya ridhaa mpaka mama yake aielewe, kumfuatilia mpaka kijijini simu yake inapokuwa imezimwa, hiyo ni kazi ya utafiti, na bila hiyo hakuna makala. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeweka masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika wazo au takwimu, awe ameshiriki kuandika au kuhakiki andiko, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Masharti yote manne kwa pamoja. Tatizo ni kwamba h haijui nani ameyatimiza kwa jasho na nani kwa kusaini.

Jambo jingine ambalo kamati mchanganyiko hulikosea ni mpangilio wa majina. Kwetu sisi jina la mwisho mara nyingi ni la kiongozi wa utafiti, na mtu hupigania nafasi hiyo kama anavyopigania ya kwanza. Kwa wanasaikolojia majina kwa kawaida hufuata ukubwa wa mchango, kwa hiyo wa mwisho huenda ndiye aliyechangia kidogo kuliko wote. Nimewahi kukaa katika kikao ambacho mwanasaikolojia alipewa sifa ya kuongoza utafiti ambao yeye mwenyewe alisema alisaidia tu kutafsiri. Alicheka, nasi tukacheka, ila mwaka mwingine kosa hilohilo lingeweza kumwumiza mtu.

Andika mchango wako kwa kila makala, sentensi moja moja. Majarida mengi siku hizi hutumia orodha ya CRediT yenye majukumu 14, kuanzia kubuni wazo hadi kutafuta fedha. Chukua maneno ya humo.

Mtakwimu wa Kongwa alijibu:

Naona sote tunaipiga mawe namba, na mimi nitaitetea kidogo. Wanaokumbuka kamati za zamani wanajua kwamba pasipo namba kulikuwa na kujuana. Mtu alipanda kwa sababu aliwahi kuwa mwanafunzi wa mwenyekiti, au kwa sababu alizungumza vizuri kwenye chai. Namba mbaya inaweza kukaguliwa na kubishiwa, kama dada anavyofanya sasa hivi. Neno la kunong’onezwa halina pembe ya kulishika.

Ikiwa tunataka kulinganisha fani mbili, vipimo vilivyosawazishwa vipo. Scopus ina kipimo kinacholinganisha nukuu za makala na wastani wa dunia wa makala za fani hiyohiyo, mwaka huohuo na aina hiyohiyo ya andiko, 1.00 ni wastani, na 1.50 maana yake makala imenukuliwa asilimia 50 zaidi ya ilivyotarajiwa. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani nazo zina tovuti ya bure iitwayo iCite, inayotoa uwiano unaofanana na huo, ambapo fani ya makala hutambuliwa kwa makala nyingine zinazonukuliwa pamoja nayo. Tahadhari ni kwamba iCite inategemea PubMed, kanzidata ya makala za tiba na afya, na makala ya saikolojia iliyo nje ya PubMed haitaonekana humo kabisa. Pia kwa mtu mwenye makala 7, wastani huyumbishwa na makala moja tu. Usitoe wastani wenye desimali mbili halafu ukauita ushahidi.

Na tusisahau kwamba nukuu haina alama ya kujumlisha au kutoa. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 katika The Lancet, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji kwa kutumia watoto 12, iliondolewa na jarida mwaka 2010, na ni miongoni mwa makala zilizonukuliwa sana, kwa sehemu kubwa na watu wanaoikanusha. Katika saikolojia, mradi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 ulirudia tafiti 100 zilizokuwa zimetoka katika majarida yenye heshima, na asilimia 36 tu ya marudio ndiyo yaliyotoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Nyingi za tafiti hizo zilikuwa zikinukuliwa kila siku.

Mzee wa Kikuyu Kaskazini alijibu:

Nimestaafu, lakini nimekaa katika kamati hizi kwa miaka mingi, tena upande ule unaoshika kalamu nyekundu. Naomba mwuliza swali asiichukie sana. Picha yenyewe ni hii: saa moja usiku, mafaili 14 mezani, wanakamati 7 wa fani tofauti, na mmoja tu ndiye anayejua saikolojia, naye amepata udhuru. Mtu anatafuta kitu ambacho wote waliomo chumbani wanaweza kukisoma. Namba inasomeka na kila mtu. Aliyeandika “linganisha” yawezekana hakuwa na hila. Alikuwa na faili lisilompa kitu kingine cha kushika.

Basi mpe cha kushika. Ukurasa mmoja, usizidi.

Usimtaje mwombaji wa tatu hata kwa mafumbo. Ukianza kuonyesha kwamba namba yake imevimba, umekwisha kupoteza, maana nusu ya kamati ni madaktari wenye namba zilizovimba vilevile. Badala yake tafuta wahadhiri wandamizi watatu au wanne wa saikolojia katika vyuo vyetu vya Tanzania na nchi jirani, wenye umri wa kitaaluma kama wako, yaani miaka tangu makala ya kwanza, halafu uonyeshe masafa ya indeksi zao kutoka kanzidata ileile, siku ileile, bila majina. Hapo umewajibu kwa lugha yao wenyewe, na 6 itasomeka miongoni mwa ndugu zake.

Kuna watakaokuuliza kipimo cha athari cha jarida. Uwe tayari. Eugene Garfield alilileta wazo hilo mwaka 1955, na kipimo kikatumika kuchagua majarida ya kuingiza katika faharasa yake ya nukuu. Halikuwa wazo la kumpima mtu. Hesabu yake ni nyepesi: kama jarida lilichapisha makala 100 katika miaka miwili iliyopita, na makala hizo zikanukuliwa mara 250 mwaka huu, kipimo ni 2.5. Miaka miwili inawafaa watu wa tiba, ambao huwahi kunukuliana. Makala ya saikolojia mara nyingi ndiyo kwanza inaanza kusomwa wakati huo. Tena wastani huo hubebwa na makala chache. Jarida la Chama cha Saratani cha Marekani, liitwalo CA, limekuwa na kipimo kinachozidi 200, na sababu kubwa ni kwamba huchapisha kila mwaka takwimu za saratani za nchi hiyo, ambazo kila anayeandika aya ya kwanza kuhusu saratani hana budi kuzitaja. Wataalamu waliokutana San Francisco mwaka 2012 walitoa azimio, lijulikanalo kama DORA, linalozitaka taasisi zisitumie kipimo cha jarida kuamua kumwajiri au kumpandisha mtu. Miaka mitatu baadaye likaja Andiko la Leiden, lenye kanuni 10 za kutumia vipimo vya utafiti, na kanuni mojawapo inataka utafiti bora unaohusu mahali fulani ulindwe, kwa sababu majarida yanayohesabiwa zaidi ni ya Kiingereza na yanapenda mada zinazowahusu wasomaji wa huko. Nukuu kanuni hiyo kwa sentensi mbili, usiibandike yote kumi.

Nitoe mfano wa hapahapa kwetu, maana kamati za Dodoma hupenda mfano wa jirani. Mwaka 1995 The Lancet lilichapisha jaribio lililofanyika katika vijiji vya Kongwa, la kuhamasisha familia ziwaoshe watoto nyuso ili kupunguza vikope. Dawa ya macho ilikuwepo, lakini kiini cha swali kilikuwa tabia: mama ana ndoo moja ya maji, je, atakubali kwamba uso wa mtoto unastahili kiganja kimoja cha maji hayo? Hilo ni swali la saikolojia lililovaa koti la tiba. Leo usafi wa uso ni nguzo mojawapo ya mkakati wa SAFE wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya vikope. Mwongozo wa wizara au bango la kliniki linalomwambia mama aoshe uso wa mtoto halimwongezei mtu yeyote nukuu hata moja. Ikiwa dodoso lako linatumika mahali, leta barua kutoka mahali hapo. Mimi binafsi barua ya mganga mfawidhi, yenye mhuri na tarehe ya kuanza kutumia dodoso, ingenisimamisha kuliko tofauti ya 6 na 9.

Mhadhiri wa Iyumbu aliandika:

Shikamoo Profesa, na ahsanteni sana nyote.

Nilikaa na wasifu wangu Jumamosi nzima, umeme ukikatika na kurudi. Mkutubi alikuwa sahihi kuhusu majina. Niliondoa makala moja yenye nukuu 9 ambayo si yangu, inahusu minyoo ya mbuzi, na ambayo nakiri sikuwahi kuiona mpaka siku hiyo. Makala moja ilikuwa imeandikishwa mara mbili, kwa nukuu 7 na 3. Nilipoziunganisha zikawa 9, kwa kuwa nukuu moja ilikuwa imehesabiwa pande zote mbili. Kisha nikarudisha makala mbili za jina langu la kabla ya ndoa, zenye nukuu 14 na 8. Orodha mpya inasomeka 41, 19, 14, 12, 9, 8, 6, 6, 2, 1 na sifuri. Jumla imetoka 106 hadi 118.

Nikahesabu h kwa kidole, kama nilivyofundishwa. Ni 6.

Nilicheka peke yangu. Kazi ya siku nzima, mbuzi wametoka, ndoa imesuluhishwa, na namba haijasogea. Halafu nikaona kwamba makala ya saba imebakiza nukuu moja tu ili nifike 7, na mezani ninayo rasimu ambamo ningeweza kuitaja kwa nusu sentensi, tena bila uongo, kwa kuwa mada zinakaribiana. Nimeiacha rasimu kama ilivyokuwa. Lakini sasa naelewa jinsi vidole vinavyowasha.

Ukurasa mmoja nimeuandika. Una namba mbili zenye tarehe, masafa ya wahadhiri wandamizi wanne wa saikolojia wa Afrika Mashariki, ambayo ni 5 hadi 9, mchango wangu katika kila makala, na kanuni ile ya Leiden. Kuhusu barua, vituo viwili vimekubali kuandika. Muuguzi wa kituo kimoja aliniuliza kwa nini nahitaji barua ilhali dodoso limebandikwa ukutani miaka yote hii, na akanitumia picha: nakala ya fotokopi, pembe moja imeliwa na mchwa, swali la “mnyonge” limekatwa na badala yake yameandikwa kwa mkono yale maneno tuliyoyapata baada ya miezi minne. Jina langu halipo popote kwenye karatasi hiyo. Je, kuna njia ya kulifanya dodoso lenyewe lihesabike, au ndiyo limekwisha kuwa mali ya ukuta?

Mkutubi wa Makulu alijibu:

Ipo, na ni ya bure. Andaa toleo safi la dodoso kama faili linalojitegemea, liwe na kichwa, majina ya wote mlioshiriki, mwaka, na mstari unaoeleza namna ya kulitaja. Lipakie kwenye hifadhi ya mtandaoni kama Zenodo, inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, nayo italipa DOI papo hapo, yaani namba ya kudumu ya kulitambulisha andiko mtandaoni. Chagua leseni inayoruhusu kutumia na kunakili kwa sharti la kutaja chanzo, na kabla ya hapo hakikisha dodoso la asili mlilotafsiri linaruhusu jambo hilo. PHQ-9, kwa mfano, ambalo ni dodoso la sonona la maswali tisa, hutumika bila kuomba kibali, lakini mengine yana wenyewe. Kisha chapisha upya karatasi ya ukutani, DOI ikiwa chini kwa herufi zinazosomeka, uwapelekee wauguzi.

Wale wazee na wauguzi mliokaa nao kubadilisha neno, kama walishiriki kwa kiasi hicho, waweke nao kwenye orodha ya majina. Zenodo hupokea waandishi wengi kwa faili moja.

Mhadhiri wa Iyumbu aliandika:

Wapo sita. Naanza kuwapigia simu kesho asubuhi kuuliza majina yao yaandikweje.